Haiwaki au Haibuti? Maneno ya Kipakiaji na Keneli katika Usakinishaji wa Linux

Katika Kiswahili cha kila siku, kompyuta iliyogoma hupewa kauli moja: haiwaki. Kauli hiyo hutosha kwa taa na kwa jiko la mkaa, kwa kuwa vitu hivyo ama vimewaka ama havijawaka. Kompyuta ina hali nyingi kati ya giza na mwanga. Feni huweza kuzunguka, nembo ya kiwanda ikatokea, kisha maandishi meupe yakajipanga juu ya kioo cheusi na kusimama hapo. Mashine ya namna hiyo imewaka. Ilichoshindwa ni kufika.

Chukuliwe mfano wa shule ya sekondari katika kata ya Kagoma, wilayani Muleba, karibu na mahali barabara ya kwenda Biharamulo na Lusahunga inapoanzia. Mwalimu wa somo la kompyuta ana mashine iliyokwisha kutumika kwingine, yenye Windows, na ndani yake mna alama za maendeleo za kidato cha nne ambazo hazijanakiliwa popote. Anasakinisha Linux kando ya Windows. Anapoiwasha tena, kioo kinaonyesha mstari mmoja wa hitilafu, na chini yake maneno mawili: grub rescue. Anampigia simu fundi aliyeko Bukoba mjini.

“Fundi, habari za kazi? Kompyuta yangu haiwaki.”

“Pole, mwalimu. Hiyo itakuwa pawasaplai. Ipakie kwenye basi.”

Mwalimu akieleza zaidi kwamba kuna maandishi, huenda akapata ushauri mwingine unaosikika sana katika vibanda vya mafundi: “Basi ipige Windows upya.” Ushauri wa kwanza unagharimu nauli na kifaa kisichohitajika. Wa pili unaweza kufuta alama za darasa zima. Hitilafu yenyewe ilihitaji mistari minne ya amri, na fundi angeijua kama angeambiwa kwamba mashine inawaka ila haibuti, na kwamba imesimama kwenye kipakiaji.

Kitenzi “kubuti” kimetoka mitaani na bado hakijapata heshima katika maandishi rasmi, lakini kinatenganisha mambo mawili ambayo “kuwasha” huyachanganya. Kuwasha ni kupeleka umeme. Kubuti ni safari yote inayofuata, mpaka mtumiaji aulizwe jina na nywila. Asili yake katika Kiingereza ni picha ya mtu anayejiinua kwa kuvuta kamba za viatu vyake mwenyewe, na picha hiyo ina fumbo la kweli ndani yake: programu haiwezi kufanya kazi mpaka iwekwe kwenye kumbukumbu ya mashine, na kinachoiweka huko ni programu nyingine. Nani basi huiweka ile ya kwanza?

Jibu linafanana na mbio za kupokezana vijiti, ambazo kila aliyewahi kushangilia UMISSETA anazijua. Wakimbiaji ni wanne. Fimuwea, ambayo imo tayari katika mazabodi, hukimbia kwanza na kumpa kijiti kipakiaji. Kipakiaji huileta keneli kwenye kumbukumbu. Keneli huzitambua sehemu za mashine, hulifungua faili la mfumo, kisha humkabidhi mkimbiaji wa nne, ambaye ni mchakato wa kwanza wa mfumo wenyewe, naye huamsha huduma nyingine zote. Kijiti kikianguka, swali la msingi ni moja: kilikuwa kati ya mikono ipi?

Neno “kipakiaji” halina utata likisikika peke yake. Bandarini Kemondo mtu hupakia magunia melini na kupakua shehena iliyotoka Mwanza. Kipakiaji nacho huchukua mzigo kutoka diski na kuupandisha kwenye kumbukumbu. Tatizo limeletwa na mtandao. Leo “kupakia” ni pia kupeleka picha au faili kwenye intaneti, na “kupakua” ni kuliteremsha. Kwa hiyo mfasiri anayeandika “hitilafu ya kupakia keneli” humfanya msomaji afikirie kifurushi cha intaneti kilichoisha. Heri maneno mawili zaidi: “hitilafu ya kupakia keneli kwenye kumbukumbu”. Wengine husema “butiloda”, nalo linaeleweka kwa mafundi, ila halimwambii mwanafunzi kitu chochote kuhusu kazi inayofanywa.

Keneli ni habari nyingine. Mkoani Kagera mkulima huuza kahawa ya maganda, yaani tunda lililokaushwa likiwa zima, na ganda likitolewa ndipo buni huonekana. Wabunifu wa mfumo wa Unix, ambao Linux iliufuata tangu Linus Torvalds alipoitangaza mwaka 1991, waliwaza kwa picha ya aina hiyo hiyo: ndani kuna kiini kinachoishika mashine, na nje kuna ganda linalopokea amri za mtu na kuzipeleka ndani. Kiini ndicho keneli. Maneno haya ni jozi, na mfasiri anayetafsiri la kwanza “kiini” na kuliacha la pili liwe “sheli” huivunja jozi hiyo, mbali na kumpeleka msomaji wa Tanzania kwenye kituo cha mafuta. “Kiini” na “ganda” ni maneno mazuri kwa kitabu cha darasani. Mezani kwa fundi jina linalotamkwa ni keneli, na ndilo litakalotumika hapa.

Keneli imo katika ngeli ya I-/ZI-, na ngeli hiyo ina kazi yake katika utatuzi. Diski moja huhifadhi keneli kadhaa, kwa kuwa mfumo unaposasishwa keneli ya zamani haiondolewi mara moja. Umbo la nomino halibadiliki. Tofauti inabebwa na kitenzi. “Keneli imekataa” ina maana kwamba moja ndiyo mbovu, na kwamba iliyotangulia inaweza kujaribiwa kutoka kwenye menyu. “Keneli zimekataa” inaelekeza kwenye diski, kumbukumbu au mpangilio wa jumla. Mwalimu anayesema “keneli imekataa” bila kujaribu nyingine ametoa taarifa ambayo hajaithibitisha.

Kuhusu “kusakinisha”, ni vyema kukumbuka kwamba kitenzi hiki kimetokana na “sakini”, yaani kukaa mahali. Kusakinisha ni kumfanya mgeni awe mkazi. Hitilafu nyingi za kipakiaji hutokea wakati mkazi amekwisha kuingia, vyombo vyake vimo, lakini hakuna anayejua mlango wake uko wapi. Mafaili yote ya Linux yamo katika diski. Anayekimbilia kusakinisha upya huibomoa nyumba kwa sababu ya ufunguo.

Utatuzi wenyewe hufuata mpangilio wa wakimbiaji. Ikiwa kioo kinasema hakuna kifaa cha kubutia, au kinarudi kwenye nembo ya kiwanda kila mara, kijiti hakikutoka mikononi mwa fimuwea. Fimuwea zina tabia mbili. Ile ya zamani, BIOS, husoma sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512, ambamo msimbo wa kuanzishia hupata baiti 446 tu, na nafasi inayobaki ni ya jedwali la patisheni na alama ya mwisho. Ile mpya, UEFI, hutafuta patisheni ndogo yenye muundo wa FAT, ambamo vipakiaji hukaa kama mafaili ya kawaida. Mashine nyingi zinaweza kufanya kazi kwa tabia zote mbili, na hapo ndipo kosa linalojirudia zaidi huzaliwa: Windows ilisakinishwa kwa UEFI, kisha flashi ya Linux ikabutiwa kwa tabia ya BIOS. Kila mfumo unaandika mlango wake mahali ambapo mwingine hautazami. Kujua flashi imebuti kwa tabia ipi ni rahisi. Ndani ya Linux ya flashi huandikwa:

ls /sys/firmware/efi

Saraka hiyo ikiwapo, ni UEFI. Isipokuwapo, ni BIOS. Jambo hili huangaliwa kabla ya kusakinisha.

Katika kompyuta zilizokwisha kutumika kuna sababu nyingine ambayo vitabu vya mijini huipita haraka: betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye mazabodi. Ikiisha, mipangilio ya fimuwea hurudi ilivyotoka kiwandani kila umeme unapokatika, na utaratibu wa kubuti aliouweka mwalimu hupotea. Ushahidi wake ni tarehe. Mashine inayodai kwamba leo ni mwanzo wa mwaka uliopita zamani haina tatizo la Linux.

Ikiwa maneno grub rescue yameonekana, habari ni njema kuliko yanavyosikika. GRUB, kipakiaji kilichoanzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995 na ambacho Debian na Ubuntu hukitumia, kimepokea kijiti. Sehemu yake ya kwanza imesomwa, ila haikuiona sehemu ya pili, kwa kawaida kwa sababu patisheni zimegawanywa upya au mojawapo imefutwa. Mahali hapo amri ni chache. Amri ls peke yake huorodhesha diski na patisheni. Kila patisheni hujaribiwa, kwa mfano ls (hd0,msdos5)/boot/grub, mpaka moja ijibu kwa orodha ya mafaili badala ya malalamiko. Ikishapatikana, huandikwa:

set root=(hd0,msdos5)
set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub
insmod normal
normal

Diski iliyogawanywa kwa jedwali la kisasa huandikwa gpt badala ya msdos. Menyu ikitokea, Linux hubutiwa, na kazi haijaisha, kwa maana mistari hiyo haikuandikwa popote na itasahaulika mashine ikizimwa. Ndani ya Linux ya mashine ya BIOS hutolewa amri mbili: sudo grub-install /dev/sda, kisha sudo update-grub. Ya kwanza hukiandika kipakiaji upya, ya pili huitengeneza menyu.

Herufi na tarakimu za amri hizi zina mitego. Jina sda ni diski nzima, sda1 ni patisheni moja ndani yake, na kipakiaji cha BIOS huwekwa kwenye diski. Tarakimu moja iliyozidi hubadili maana ya amri. Aidha, GRUB huhesabu diski kuanzia sifuri na patisheni kuanzia moja, hivyo hd0 ni diski ya kwanza, ilhali patisheni yenye 1 ndiyo ya kwanza. Anayejua kwamba saa moja asubuhi ya Kiswahili ni saa saba ya Kiingereza hatashangazwa na hesabu mbili zinazoishi pamoja, lakini mfasiri asithubutu kuandika “diski namba moja” bila kusema anahesabu kwa kanuni ipi. Na jina sda lenyewe halina uaminifu wa kudumu: flashi ikiwa imechomekwa, huweza kuwa yenyewe ndiyo sda. Kutokana na hilo hutokea kisa kinachowachanganya wengi, cha kompyuta inayobuti vizuri flashi ikiwapo na kukataa ikichomolewa. Kipakiaji kimeandikwa kwenye flashi. Amri lsblk huonyesha ukubwa wa kila diski, na ukubwa ndio unaotofautisha flashi na diski ya ndani.

Pale ambapo hata menyu haipatikani, mlango wa dirishani upo. Mashine hubutiwa kwa flashi, patisheni ya Linux hupachikwa kwenye saraka /mnt, pamoja na saraka za /dev, /proc na /sys, kisha amri chroot /mnt humwingiza mtu katika mfumo uliolala kana kwamba umeamka, na grub-install hutolewa humo. Kwenye UEFI patisheni ile ya FAT nayo hupachikwa, katika /boot/efi ya mfumo huo. “Kupachika” ni kitenzi cha mkulima, kama jembe linavyopachikwa kwenye mpini, na kinafaa hapa kuliko “kufungua”: patisheni iliyopachikwa inakuwa sehemu ya mti mmoja wa saraka, na ikibanduliwa inabaki ilivyokuwa.

Mti huo una mzizi, na neno “mzizi” linahitaji tahadhari. Katika Linux jina lile lile la Kiingereza hubeba mambo matatu: saraka ya juu kabisa inayoandikwa kwa mkwaju mmoja, mtumiaji mwenye mamlaka yote, na saraka binafsi ya mtumiaji huyo. Keneli inapolalamika kwamba haikuweza kuupachika mzizi, inazungumzia la kwanza. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba neno hilo ni “mtumiaji mkuu” ataanza kutafuta nywila, na atatafuta siku nzima.

Malalamiko hayo ndiyo yanayojulikana zaidi katika hatua ya tatu, nayo huanza kwa maneno Kernel panic. Kutafsiri hapo “hofu ya keneli” ni kuichukua sitiari na kuiacha maana. Keneli imekutana na jambo ambalo haiwezi kuendelea nalo kwa usalama, ikajisimamisha. “Keneli imesimama” inatosha. Ujumbe huo kamwe hautaonekana kwa Kiswahili kwenye kioo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulionyesha mwaka 2004, kwa Jambo OpenOffice, kwamba programu kubwa ya ofisi inaweza kusema Kiswahili chote, lakini ujumbe wa keneli huandikwa kwa Kiingereza hata kwa Mfaransa na Mjapani. Ndiyo maana Kiswahili cha kuuelezea ni muhimu: maandishi ni ya Kiingereza, ila simu ya Kagoma kwenda Bukoba hupigwa kwa Kiswahili, au kwa Kihaya.

Keneli ikisimama kwa kukosa kuupachika mzizi, sababu ya kawaida ni initramfs, yaani mfumo mdogo wa muda ambao kipakiaji huupakia pamoja na keneli ili uipe viendeshi vya diski. Ukikosekana au ukiwa nusu, keneli inafika ikiwa haina macho. Unakuwaje nusu? Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, au patisheni ya /boot ikijaa. Kwa miaka mingi Kagera ilipata umeme wake kutoka Uganda, nje ya gridi ya taifa, na wenyeji hawahitaji kuelezwa maana ya kukatikiwa kazini. Katika Debian na Ubuntu tiba ni kuchagua keneli ya zamani kwenye menyu ya machaguo ya ziada, kisha sudo dpkg --configure -a ili kumalizia kilichokatizwa, na sudo update-initramfs -u -k all. Amri df -h /boot itasema kama nafasi imekwisha.

Kukatika huko huko huweza kuliacha faili la mfumo likiwa na kasoro, na mashine ikasimama penye neno (initramfs) ikisubiri amri. Mistari ya juu yake kwa kawaida huitaja patisheni yenye kasoro na kuagiza fsck itolewe kwa mkono. Hutolewa kwa jina la patisheni hiyo, kisha exit. Ikiwa badala yake ujumbe unasema UUID fulani haipo, amri blkid hulinganishwa na kilichoandikwa kwenye /etc/fstab na kwenye menyu. Patisheni iliyoumbizwa upya hupata namba mpya.

Kioo cheusi baada ya menyu, bila neno lolote, mara nyingi si kifo cha keneli bali ni kiendeshi cha picha. Herufi e hubonyezwa kwenye menyu, neno nomodeset huongezwa mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, na F10 huendeleza safari. Na kompyuta ya biti 32 iliyopewa keneli ya biti 64 itasema waziwazi kwamba prosesa haifai. Hapo hakuna cha kutengeneza, flashi ndiyo inayobadilishwa.

Abaki mwalimu na alama zake. Linux imebuti, menyu imerudi, lakini Windows haimo. Hapa ndipo watu huandika kwamba “Windows imefutika”, na hapa ndipo kitenzi hukosea kwa gharama kubwa. Tangu GRUB toleo la 2.06 la mwaka 2021, kipakiaji hicho hakitafuti tena mifumo mingine ya diski kisipoamriwa, kwa sababu za usalama. Windows haionekani, kufutika ni jambo jingine. Amri lsblk -f huonyesha kama patisheni ya ntfs bado ipo. Ikiwapo, mafaili hunakiliwa kwanza kwenye flashi nyingine. Baadaye ndipo faili la /etc/default/grub hufunguliwa, mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false ukaongezwa, ikahakikishwa kwamba programu ya os-prober imesakinishwa, na sudo update-grub ikatolewa. Katika orodha inayopita kwenye kioo, jina la Windows hutokea kwenye mstari mmoja karibu na mwisho.